Kupima namna joto linavyobadili mpindo wa mwanga katika plastiki na metali

Mwanga unapotoka hewani na kuingia katika kitu kinachoupitisha, kasi yake hupungua na, usipoingia wima, njia yake hupinda. Namba inayoonyesha kasi hiyo imepungua mara ngapi ndiyo ambayo sisi walimu wa fizikia huiandika kwa herufi n, na katika mwongozo huu nitaiita namba ya mpindo. Vitabu vya shule huitaja kana kwamba haibadiliki kamwe: maji 1.33, kioo cha kawaida 1.52, plastiki ya akriliki 1.49. Ukweli ni kwamba namba hizo ni za halijoto moja, mara nyingi nyuzijoto 20, na za rangi moja ya mwanga, mara nyingi ile njano ya taa ya sodiamu. Kitu kikipata joto, namba yake huhama. Katika plastiki huhama kiasi cha kuonekana ukutani kwa macho matupu. Katika metali huhama kwa sababu nyingine kabisa, na huwezi kuifuata kwa njia ileile.

Ninafundisha Moshi, katika darasa la kawaida lisilo na vifaa vya maabara kubwa, na jaribio ninaloeleza hapa hulifanya mwezi wa Juni au Julai, wakati asubuhi zina baridi na mawingu yameufunika mlima, kwa sababu chumba chenye baridi na giza kiasi hurahisisha kila kitu. Kinachohitajika ni prizimu ya plastiki (kipande angavu chenye umbo la pembetatu), leza ndogo ya kuelekezea, sanduku la mbao, balbu inayotoa joto, vipimajoto viwili, tepu ya fundi, na ukuta ulio umbali wa mita 6. Kwa upande wa metali utahitaji pia waya mwembamba wa shaba na mita ya fundi umeme. Zaidi ya hivyo unahitaji asubuhi nzima isiyo na haraka, na sharti hilo ndilo gumu kuliko yote.

Hatua ya kwanza: hakikisha prizimu yako ni ya akriliki

Prizimu nyingi zinazokuja katika vifaa vya shule siku hizi ni za plastiki, lakini nyingine ni za kioo, na kwa macho zinafanana. Zipime uzito. Sentimita moja ya ujazo ya kioo ina takriban gramu 2.5, na ya akriliki ina takriban gramu 1.19, kwa hiyo hata mkononi tofauti inajulikana. Kioo pia huhisi baridi zaidi ukikigusa asubuhi, na ukikigonga kwa ukucha hutoa mlio mkali kuliko plastiki.

Kuna plastiki nyingine angavu, polistirini, ile inayotengenezewa makasha magumu ya sidii, ambayo nayo hutumika kwa prizimu za bei nafuu. Namba yake ya mpindo ni 1.59, na ukiichanganya na akriliki hesabu zako zote zitakwenda kombo. Njia ya kuzitenganisha ni rahisi: yeyusha gramu 150 za chumvi katika lita moja ya maji, kisha tumbukiza prizimu. Polistirini itaelea, na akriliki itazama. Baada ya hapo ioshe kwa maji yenye sabuni laini na uikaushe kwa kitambaa cha pamba. Usiisafishe kwa spiriti, kwani akriliki iliyoguswa na spiriti huweza kujaa nyufa ndogondogo zinazotawanya mwanga, na nyufa hizo hazifutiki.

Chagua prizimu yenye pembe tatu za digrii 60 kila moja na pande za sentimita 3 hadi 4. Ikiwa kubwa kuliko hapo, joto litachukua muda mrefu mno kufika katikati.

Hatua ya pili: tengeneza sanduku la joto

Mfugaji yeyote wa vifaranga anajua sanduku hili. Ni boksi la plaiwudi lenye urefu wa takriban sentimita 50, upana 30 na kimo 30, lenye kifuniko, na ndani yake kuna balbu. Balbu za LED hazifai kwa sababu joto lake ni dogo. Tafuta ile nyekundu ya kulelea vifaranga inayouzwa katika maduka ya pembejeo za mifugo, uifunge kwenye soketi ya kauri, na uhakikishe iko katikati ya upana wa sanduku, isikaribie mbao upande wowote. Usitumie boksi la karatasi, na usiliache sanduku likiwaka bila mtu.

Katikati ya sanduku simamisha kipande cha bati kati ya balbu na mahali pa prizimu, ukiacha nafasi juu na chini ili hewa izunguke. Bila bati hilo, upande wa prizimu unaoitazama balbu utapashwa moja kwa moja na mionzi huku upande wa pili ukibaki na ubaridi, na hutajua ni halijoto ipi unayoipima. Toboa tundu la sentimita 2 upande mwale unakoingilia na jingine la sentimita 4 upande unakotokea. Prizimu iketi juu ya kipande cha kigae cha sakafu, ikishikwa kwa tone dogo la gundi upande mmoja tu wa kitako, kwa maana akriliki hutanuka kwa joto kuliko kigae, na ukiibana pande zote itajikunja.

Vipimajoto viwili viwekwe hivi: ncha ya kimoja iguse prizimu, na ya kingine ining'inie hewani karibu nayo. Umeme ukiwa haueleweki siku hiyo, chupa mbili au tatu za chuma zilizojazwa maji ya moto na kuwekwa upande wa pili wa bati zinaweza kuchukua nafasi ya balbu, ingawa halijoto haitapanda sana.

Hatua ya tatu: funga leza na uandae ukuta

Leza ikae nje ya sanduku, kwenye meza imara, ikiwa imebanwa kati ya vipande viwili vya mbao, na kitufe chake kishikiliwe kwa kibanio cha nguo ili mkono wako usiiguse tena. Kuiweka nje kuna sababu: leza hizi hubadili rangi yake kidogo zinapopata joto, na rangi ikibadilika, mpindo nao hubadilika. Iwashe dakika tano kabla ya kuanza kupima.

Kuhusu macho sina mzaha. Tumia leza isiyozidi miliwati 1, ukijua kwamba zile za bei ya chini huweza kuwa na nguvu kuliko kibandiko kinavyosema. Mwale upite chini ya kiuno, wanafunzi wote wasimame upande mmoja nyuma ya leza, na mtu yeyote asiiname kuchungulia tundu la sanduku wakati imewashwa.

Ukutani bandika karatasi ya grafu mahali doa jekundu linapotua, ikiwa imekabili mwale wima. Pima umbali kutoka prizimu hadi karatasi. Ukiweza kupata mita 6 kamili hesabu huwa nyepesi.

Hatua ya nne: tafuta mpindo mdogo kabisa

Hapa ndipo siri ya jaribio zima ilipo, na ningeomba usiiruke. Washa leza, acha mwale upite kwenye prizimu, kisha uzungushe kigae polepole huku mwenzako akilitazama doa ukutani. Doa litasogea upande mmoja, litapunguza mwendo, litasimama, halafu litaanza kurudi lilikotoka ijapokuwa wewe unaendelea kuzungusha kuelekea kulekule. Mahali linaposimama kabla ya kurudi ndipo mwale umepinda kidogo kuliko namna nyingine yoyote, na hapo ndipo prizimu ifungwe. Kwa akriliki na leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), pembe ya mpindo huo ni karibu digrii 36.

Faida ya mahali hapo ni kwamba prizimu ikizunguka kidogo kwa bahati mbaya, doa halijali. Nimepiga hesabu: hata kigae kikigeuka digrii nzima, doa litasogea takriban milimita moja na nusu tu kwenye ukuta ulio mita 6. Mbao za sanduku hujikunja zinapopata joto, hilo halizuiliki, lakini hujikunja kwa sehemu ndogo sana ya digrii. Ungefunga prizimu mahali pengine popote, kujikunja huko kungechanganyika na kile unachokitafuta.

Ukitaka kujiridhisha, fanya kwanza zoezi zima ukiwa na kipande cha kioo cha kujitazamia badala ya prizimu. Mwanga unapoakisiwa, pembe ya kuingia hulingana na pembe ya kutoka, na namba ya mpindo haimo kabisa katika kanuni hiyo. Kwa hiyo doa lolote linalosogea wakati kioo hicho kinapashwa limesogezwa na sanduku, wala si na mwanga. Likisogea milimita 21, maana yake kigae kimegeuka sehemu moja ya kumi ya digrii, mgeuko ambao kwa prizimu iliyo mahali pake hauonekani.

Hatua ya tano: soma baridi, pasha, subiri, soma tena

Asubuhi kabla ya kuwasha balbu, soma vipimajoto vyote viwili. Vikilingana, chora mstari wa penseli katikati ya doa na uandike halijoto kando yake. Kisha funika sanduku, uliviringishie blanketi kwa nje, mbali na matundu, na uwashe balbu. Lenga nyuzijoto 60. Usivuke 70, kwa sababu akriliki huanza kulainika karibu na nyuzijoto 100, na prizimu iliyolegea hata kidogo haina tena pembe unazozijua.

Mara ya kwanza nilipofanya jaribio hili nilipata nusu tu ya kile nilichokitarajia. Kipimajoto cha hewani kilisema 60, nikafurahi, nikasoma doa na kuzima balbu. Kosa langu lilikuwa kuamini hewa. Akriliki hupitisha joto vibaya, zaidi ya mara elfu moja vibaya kuliko alumini, na prizimu yenye upande wa sentimita 4 huhitaji kama dakika 20 kwa joto kupenya tu hadi katikati, na zaidi ya hapo kwa prizimu nzima kutulia. Mwale hupita ndani, kwa hiyo halijoto inayohusika ni ya ndani.

Doa lenyewe hukuambia. Prizimu ikiwa na ngozi ya moto na moyo wa baridi, haifanyi tena kazi ya prizimu peke yake bali hugeuka pia kuwa lenzi dhaifu, na doa ukutani hurefuka kama punje ya mchele iliyolala. Kadiri joto linavyosambaa, punje hiyo hufupika pole pole mpaka doa lirudie umbo lililokuwa nalo asubuhi. Tangu hapo nimejiwekea kanuni: baada ya vipimajoto vyote viwili kufika 60 nasubiri saa nzima, nikitazama umbo la doa na si saa pekee.

Utaona pia doa likitetemeka. Hiyo ni hewa ya moto inayotoka kwenye matundu, jambo lilelile linalofanya lami ya barabara ya Arusha ionekane kama ina maji adhuhuri. Zima balbu, subiri sekunde kumi hivi mtetemeko utulie, kisha chora mstari wa pili kabla prizimu haijaanza kupoa. Baada ya hapo acha sanduku lipoe lenyewe, ukichora mstari kila halijoto inaposhuka nyuzijoto 10. Ifikapo mchana, doa liwe limerudi kwenye mstari wa kwanza au karibu nao sana, kwa kulinganisha katika halijoto ileile. Likikosea kwa zaidi ya milimita 2, kitu kimesogea, pengine mtu ameigusa meza, na siku hiyo ihesabiwe kuwa ya mazoezi.

Hatua ya sita: piga hesabu

Kwa prizimu ya digrii 60 iliyofungwa kwenye mpindo mdogo kabisa, badiliko la pembe ya mwale, likipimwa kwa radiani (kipimo cha pembe ambacho kimoja ni karibu digrii 57), ni karibu mara 1.5 ya badiliko la namba ya mpindo. Kwa ukuta wa mita 6, yaani milimita 6,000, gawanya milimita ambazo doa limesogea kwa 9,000 na umepata badiliko la namba ya mpindo. Kisha ligawanye kwa tofauti ya halijoto.

Chukua doa lililosogea milimita 38 wakati halijoto imepanda kutoka 20 hadi 60. Thelathini na nane ukigawanya kwa 9,000 ni 0.0042, na hiyo ukiigawanya kwa 40 unapata takriban 0.0001 kwa kila nyuzijoto. Doa linapaswa kusogea kuelekea mahali ambapo mwale ungetua kama prizimu isingekuwapo, kwa maana namba inashuka: kwa mwanga mwekundu imetoka 1.489 na kufika karibu 1.485. Likisogea upande wa pili, umegeuza kitu.

Kwa nini ishuke? Plastiki ikipata joto hutanuka, molekuli zake hukaa mbalimbali zaidi, na mwanga hukutana na molekuli chache katika kila milimita ya safari. Karne ya 19 Ludvig Lorenz wa Denmark na Hendrik Lorentz wa Uholanzi, kila mmoja kwa njia yake, walipata kanuni moja inayounganisha msongamano wa kitu na namba yake ya mpindo. Ukiitumia kwa akriliki, ambayo kila upande wake hurefuka kwa takriban sehemu 70 katika milioni kwa kila nyuzijoto, kanuni hiyo inatoa 0.00012, karibu kabisa na kile ulichopima ukutani. Mimi huliona hilo kuwa jambo zuri mno kulionyesha kwa wanafunzi: urefu uliopimwa kwa rula na mwanga uliopimwa ukutani vinakubaliana. Kutanuka kwenyewe hakuharibu jaribio, kwani kitu kinachotanuka sawasawa pande zote hubaki na pembe zake zilezile.

Weka sasa prizimu ya kioo mahali pa ile ya akriliki na urudie yote. Doa litasogea chini ya milimita moja, huenda usilione likisogea kabisa. Kioo hutanuka kidogo sana, na tena joto huathiri elektroni zake kwa namna inayoelekea kuipandisha namba ya mpindo, hivyo mambo mawili hayo hukaribia kufutana. Ndiyo maana lenzi za plastiki, zilizomo katika kamera za simu karibu zote, huhitaji kusahihishwa zaidi kwa ajili ya joto kuliko lenzi za kioo.

Kwa upande wa metali

Huwezi kuweka prizimu ya shaba ndani ya sanduku na kutarajia doa ukutani. Mwanga mwekundu unaoingia katika alumini hufifia hadi karibu theluthi moja ya nguvu yake katika nanomita 7 tu, na karatasi ya alumini ya jikoni ni nene kuliko hapo mara elfu moja na zaidi. Mwaka 1888 Mjerumani August Kundt alifaulu kutengeneza prizimu za metali nyembamba kiasi cha kupitisha mwanga, akakuta kwamba fedha, dhahabu na shaba zina namba ya mpindo iliyo chini ya 1. Hilo halimaanishi kwamba ujumbe husafiri ndani yake kwa kasi kuliko mwanga. Kasi inayohusika ni ya migongo ya mawimbi peke yake.

Metali huhitaji namba mbili. Ya kwanza ni ileile ya mpindo, na ya pili huonyesha mwanga unavyofifia haraka. Kwa alumini na mwanga mwekundu ni takriban 1.4 na 7.6, na kutokana nazo hupatikana kwamba alumini safi huakisi sehemu 91 katika 100 za mwanga unaoiangukia. Zinazotawala hapa ni elektroni huru, zile zisizofungwa kwenye atomi moja. Metali ikipata joto, atomi zake hutikisika zaidi, elektroni hugongana nazo mara nyingi zaidi, na nishati nyingi zaidi ya mwanga hubaki ndani ikawa joto. Kwa mwanga unaoonekana badiliko la uakisi ni dogo mno, kati ya sehemu moja katika 10,000 na sehemu moja katika 100,000 kwa kila nyuzijoto, na leza ya dukani haitulii kiasi cha kulionyesha.

Kilicho ndani ya uwezo wako ni kupima migongano yenyewe kwa umeme, kwani elektroni zikigongana zaidi, ukinzani wa waya, yaani namna unavyouzuia umeme, huongezeka. Mwombe fundi wa kusuka mota mita 20 za waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.2, uuzungushe kwenye kipande cha mbao, na uuweke pale prizimu ilipokuwa. Kwanza gusanisha ncha za mita ya umeme zenyewe, usome omu zake (omu ndiyo kipimo cha ukinzani), na uzitoe katika kila kipimo kitakachofuata. Katika nyuzijoto 20 waya utasoma karibu omu 10.7, na katika nyuzijoto 60 karibu 12.4, yaani ongezeko la asilimia 16. Hapa hakuna haja ya kusubiri saa nzima, kwani shaba hutulia mara tu hewa inapotulia.

Ongezeko hilo lina maana kwa mwanga pia, hasa ule usioonekana wa mawimbi marefu ya joto. Mwaka 1903 wanafizikia Hagen na Rubens walionyesha kwamba katika mawimbi hayo kiasi ambacho metali hukimeza hufuata kipeuo cha pili cha ukinzani wake. Kipeuo cha pili cha 1.16 ni karibu 1.08, kwa hiyo metali iliyokuwa ikimeza sehemu 2 katika 100 itameza takriban 2.15 ikifika nyuzijoto 60.

Waya ukipoa, mita irudi kwenye omu 10.7. Isiporudi, kagua kwanza maungio, kwa sababu vanishi inayoufunika waya wa mota, isipokwanguliwa vizuri kwenye ncha, huongeza omu zake yenyewe, na kosa hilo hufanana sana na joto.